Wanawake waliotibiwa saratani Pemba na Tumbatu wananyamaza katika utafiti wetu wa simu. Tufanye nini?

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni muuguzi, nimo katika timu inayowafuatilia kwa simu wanawake waliomaliza matibabu ya saratani ya matiti na ya shingo ya kizazi. Kila wiki, kwa miezi sita, mshiriki anapokea ujumbe na kujibu maswali mafupi kuhusu maumivu, usingizi na dawa. Wa Mjini wanajiunga na wanajibu. Wa Pemba, wa kisiwa kidogo cha Tumbatu na wa familia za Kimakonde walioko hapa Unguja ni wachache mno, na hata waliojiunga wengi wamenyamaza kabla ya mwezi wa pili. Wenzangu wanasema watu hawa hawapendi utafiti. Ni kweli?

Jibu: Wa alaykum salaam, dada. Si kweli, na wenzako wakishaamini hivyo wataacha kutafuta sababu. Mwanamke aliyevuka bahari kutoka Pemba kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja Unguja, kisha akapelekwa taasisi ya saratani ya Ocean Road Dar es Salaam kwa mionzi, hakushindwa kujibu maswali matano kwa sababu ya uvivu. Kwa ulivyoeleza, utafiti wenu ulipangwa kwa mtu mwenye simu yake mwenyewe, anayeisoma mwenyewe, na asiyekuwa na cha kuficha nyumbani. Watu wa namna hiyo wako zaidi Mjini.

Mfano upo hapa hapa kwetu. Mwaka 2009 na 2010 ulifanyika Unguja utafiti uitwao Wired Mothers, katika vituo 24 vya afya, kwa wajawazito 2,550. Waliopata ujumbe wa simu pamoja na vocha ya kuwapigia wahudumu walijifungua mbele ya mhudumu mwenye ujuzi kwa kiwango cha asilimia 60, na wasiopata asilimia 47. Lakini faida hiyo ilionekana kwa wanawake wa mjini. Kwa wa shamba haikuonekana, ingawa kisiwa ni kimoja na ujumbe ulikuwa ule ule. Simu peke yake haimfikii kila mtu sawa, na anayepanga utafiti analazimika kulijua hilo tangu siku ya kwanza.

Anzeni kwa kuhesabu wanapopotelea. Chora jedwali lenye safu tano: waliomo kwenye rejista ya wagonjwa, waliotafutwa, waliopatikana, waliokubali, na waliojibu wiki ya nne. Lijaze kwa kila wilaya, zote 11, na kwa kila jamii mnayoijali. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, na katika kila 100, kama 29 wanaishi Pemba. Kwa hiyo Pemba ikiwa na washiriki 5 tu katika 100, kuna mlango umefungwa mahali. Linganisheni pia na rejista yenyewe, maana kuna wagonjwa ambao hawakufika hospitali kabisa na hao hamtawapata kwa njia hii.

Jedwali hili mara nyingi huonyesha kwamba wengi hawakukataa, ila hawakuulizwa. Nambari iliyoandikwa kwenye faili ni ya ndugu aliyemsindikiza. Anwani ni ya nyumba ya jamaa Mjini alikofikia wakati wa matibabu, kwa hiyo mama wa Micheweni, Pemba, anahesabiwa kuwa mtu wa Mjini. Rudini kwenye mafaili, na kila mgonjwa anapokuja kliniki aulizwe maswali mawili tofauti: unaishi wapi, na ukija matibabu unafikia wapi.

Kuhusu vibali nitasema kwa ufupi. Kamati ya maadili ya utafiti wa afya iliyo chini ya ZAHRI, taasisi ya utafiti wa afya ya Zanzibar, ndiyo inayohusika Zanzibar. Mkitaka kutumia orodha ya wagonjwa ya Ocean Road, mnahitaji pia idhini ya upande wa bara, kwa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na kwa Ocean Road yenyewe. Na mabadiliko yoyote nitakayoyataja hapa chini, hata kuongeza kupiga simu pale mlipokuwa mkituma ujumbe tu, yapelekwe kwa kamati kabla ya kuanza kuyatumia. Yapelekeni yote kwa pamoja ili msisubiri mara nne.

Sasa namna ya kuwaendea. Njia iliyo salama zaidi ni muuguzi anayemjua mgonjwa kumuuliza kwanza: "Kuna watu wa utafiti wangependa kuzungumza nawe. Niwape nambari yako, au nisiwape?" Mtafiti asipige simu kabla ya jibu hilo. Njia ya pili ni mwanamke mwenzake aliyetibiwa, anayetoka sehemu ile ile. Huyu anastahili malipo na mafunzo kama mfanyakazi mwingine, asitumiwe bure kwa sababu ana moyo mzuri.

Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji, lazima ajue kwamba mpo kwenye shehia yake, lakini asipewe majina. Mpelekeeni barua inayosema ni utafiti wa afya ya wanawake, pamoja na nakala ya kibali, basi. Hali ni hiyo hiyo kwa wahudumu wa jamii wa mpango wa Jamii ni Afya: wanazijua nyumba zote na wanaheshimika, lakini wao pia ni majirani. Wanaweza kukutambulisheni mtaani. Kubeba orodha ya waliougua saratani ni jambo jingine. Wapo wanawake ambao hata dada zao hawajui waliugua nini, kwa khofu ya kuachwa au ya binti kukosa mchumba, na siri hiyo ikitoka kwa mkono wenu hakuna radhi itakayoirudisha.

Kwa Tumbatu, nendeni na mtu wa vijiji vyake, Jongowe au Gomani, na mpange safari kwa maji, kwani chombo cha kutoka Mkokotoni hakifuati saa za ofisi. Kwa familia za Kimakonde, kumbukeni kuwa wapo Wakristo wengi, hivyo matangazo yanayopita misikitini na madrasa pekee hayatawafikia. Vikundi vya kuzikana na vya kuweka akiba vinawakusanya watu zaidi ya mikutano ya kuitwa. Jamii ikiwa ndogo namna hii, jihadharini hata katika ripoti: mkiandika "mshiriki wa Kimakonde, miaka 46, saratani ya matiti, Wilaya ya Magharibi B", watu wa mtaani watamjua hata bila jina.

Idhini ichukuliwe kwa mazungumzo, karatasi ifuate. Asiyesoma aweke dole gumba mbele ya shahidi asiyekuwa mtu wa timu yenu. Wapo bibi zetu wasiosoma herufi hizi tunazoandikia lakini wanasoma za Kiarabu walizofunzwa chuoni, yaani madrasa, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuandika "hajui kusoma". Wengi watataka kushauriana na mume au mtoto mkubwa. Wapeni siku mbili na msiwaharakishe. Ila saini ya mume isiwe sharti, kwani anayeidhinisha ni yeye mshiriki.

Nije kwenye simu yenyewe, ambako ndiko mnakowapoteza. Kabla ya kumwambia mtu atajibu kwa njia gani, mketini naye mmuulize: Simu ni ya nani? Nani mwingine huishika? Ujumbe ukiingia nani humsomea? Laini imesajiliwa kwa jina la nani? Anachaji wapi, na mtandao anaupata akiwa ndani au mpaka atoke nje? Saa ngapi simu huwa mkononi mwake? Haya yanachukua dakika kumi, na majibu ndiyo yanayoamua kila kitu kinachofuata. Anayeshiriki simu na mwanawe wa skuli hawezi kupewa utaratibu mmoja na mwenye simu janja yake.

Kisha wekeni njia tatu zenye maswali yale yale kwa mpangilio ule ule: programu kwa mwenye simu janja na bando, ujumbe mfupi kwa mwenye kitochi anayesoma, na kupigiwa kwa asiyesoma au asiyemiliki simu. Najua mtaalamu wenu wa takwimu atalalamika kwamba kuchanganya njia kunaharibu data. Mwambieni kila jibu litaandikiwa njia lililopitia na tofauti itapimwa mwishoni. Nafasi tupu ya mwanamke wa Pemba haipimiki kwa hesabu yoyote, na nafasi tupu nyingi za upande mmoja zinapotosha matokeo kuliko kuchanganya njia.

Mtu anaweza kupewa njia moja akahama. Simu janja iliyoazimwa hurudi kwa mwenyewe, kioo huvunjika. Anayehama asihesabiwe kuwa ameacha.

Kwenye ujumbe mfupi kuna makosa ya kiufundi yanayojirudia. Ujumbe mmoja unabeba herufi 160, pamoja na nafasi. Mkinakili maneno kutoka kwenye kompyuta yakaja na alama za nukuu zilizopinda, au mkaweka picha ya uso unaocheka, kiwango kinashuka hadi herufi 70. Ujumbe unakatika vipande viwili au vitatu, gharama inapanda, na kwenye simu nyingine vipande vinafika kinyume. Andikeni kwa alama za kawaida tu, na swali moja kwa ujumbe mmoja. Tazameni pia jina la mtumaji. Mkijisajili kutuma kwa jina, ambalo mwisho ni herufi 11, ujumbe utaonekana nadhifu lakini mshiriki hawezi kuujibu. Akijibu, jibu linapotea na ninyi mnaandika "hakujibu". Tumieni nambari inayopokea majibu. Na katika jina au nambari hiyo neno saratani lisiwepo.

Lisiwepo pia ndani ya ujumbe, kwa sababu maneno ya mwanzo huonekana juu ya kioo kabla simu haijafunguliwa. Ujumbe unaouliza "Wiki hii titi lililofanyiwa upasuaji limekuuma?" unasomwa na yeyote aliyekaa karibu. Tumeni hivi: "Hujambo. Wakati wa maswali yetu ya wiki umefika. Ukiwa na nafasi jibu 1. Ukitaka tukupigie, bipu nambari hii." Maswali yenyewe yafuate baada ya yeye kujibu, akiwa tayari yuko peke yake.

Hiyo bipu muichukulie kwa uzito. Watu wetu wamezoea kubipu, haina gharama, na haihitaji kusoma. Lakini lazima awepo mtu wa kupiga ndani ya saa moja. Mama akibipu Jumamosi mkampigia Jumatatu mchana, hatabipu tena.

Anayepiga awe mwanamke, na awe yule yule kila wiki ikiwezekana. Sauti mpya kila mara inatisha. Mtu aliyetibiwa saratani akisikia sauti asiyoijua ikimtaja jina, hudhani ni majibu ya vipimo. Kila mshiriki achague neno lake la utambulisho, jina la samaki au mti, na mazungumzo yasianze bila neno hilo. Sababu ni kwamba nambari hubadilika mikono. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na baadaye hupewa mtu mwingine, na huyo akipokea atasikia habari za mwanamke asiyemjua. Simu ikipokewa na mtu mwingine wa nyumbani, jibu liwe moja kwa timu nzima: "Tunatoka kwenye utafiti wa afya ya wanawake, tutapiga tena." Ni kweli, na inatosha.

Saa za kupiga simu zifuate maisha yao. Wakulima wa mwani wa Paje, Jambiani au Micheweni wako baharini wakati wa bamvua, siku za mwezi mpya na mwezi mpevu, na maji hutoka sana kuanzia kama saa nne asubuhi hadi adhuhuri. Siku hizo kupiga simu asubuhi ni kujitafutia orodha ya "hapatikani". Wekeni kalenda ya mwezi ukutani pa chumba cha simu. Ramadhani wapigieni asubuhi baada ya kupumzika au usiku baada ya tarawehe, kamwe si jioni wakati wa kupika futari. Msimu wa karafuu Pemba nyumba nzima iko shambani au juani inaanika, basi andaeni mapema maswali mafupi zaidi kwa wiki hizo, yale ya lazima tu. Safari za kuwatembelea wa visiwa vidogo zisipangwe katikati ya upepo mkali wa kusi. Na mshiriki akifiwa na mume akakaa eda ya miezi minne na siku kumi, msimtoe kwenye utafiti. Muulizeni kama anapenda kuendelea kwa simu au kusubiri.

Kwa wanaopigiwa, jaribuni maswali kwanza kwa watu watano hadi wanane wa kila jamii, na mwambieni kila mmoja alieleze swali kwa maneno yake. Mtasikia palipopinda. Kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10 ndicho kinachosumbua zaidi, kwa kuwa mtu hawezi kukishika kichwani akiwa anaongea. Kwa simu ni rahisi kuuliza kwanza hakuna, kidogo, wastani au makali, halafu nambari ndani ya daraja hilo. Ila kama dodoso lenu ni lile lililokwisha kuthibitishwa kimataifa, msibadilishe bila kuamua mapema namna mtakavyolinganisha majibu.

Malipo: rudisheni nauli na gharama ya bando siku ile ile, pamoja na ada ya kutolea pesa, maana mtu akitumiwa 5,000 akapata pungufu anaona amedhulumiwa. Gaweni kidogo kidogo kila mwezi badala ya fungu moja mwishoni, na kiwango kisiwe kikubwa hadi mtu ashindwe kukataa. Lakini angalieni laini ni ya nani. Pesa ikiingia kwenye laini ya mume, mke ataulizwa ni ya nini. Kwa hao toeni fedha mkononi siku ya kliniki. Watakaokuambieni hela za kuwafikia wa mbali hazipo, waambieni kwamba Marekani, yenye historia ndefu ya kuwaacha watu wa jamii ndogo nje ya tafiti, ilitunga sheria mwaka 1993 ya kuwajumuisha katika tafiti za tiba zinazogharimiwa na taasisi zake za taifa za afya, na sheria hiyo haikubali gharama iwe sababu ya kuwaacha. Bajeti ya nauli za boti iandikwe tangu mwanzo.

Sababu ninayoiona kubwa kuliko zote za watu kunyamaza ni hii: wanajibu na hakuna kinachotokea. Mwanamke anaandika "makali" wiki tatu mfululizo na hapigiwi na mtu. Kwa nini aendelee? Wekeni muuguzi anayesoma majibu kila siku, na mipaka iliyoandikwa. Kutokwa na damu baada ya matibabu ya shingo ya kizazi, au mkono uliovimba upande wa upasuaji ukiwa mwekundu na una homa, apigiwe siku ile ile na kuelekezwa hospitali iliyo karibu, iwe Wete, Chake Chake, Abdalla Mzee au Mnazi Mmoja. Uvimbe wa mkono usiokuwa na homa afundishwe kuunyanyua, kuulinda usijeruhiwe na jinsi ya mazoezi, na apangiwe siku ya kuonwa. Anayetumia tamoxifen, dawa ya saratani ya matiti inayonywewa kwa miaka mitano au zaidi, asaidiwe inapokwisha kabla ya kliniki. Hayo ndiyo yanayomfanya mtu aitunze nambari yenu.

Ukimya uwe na ratiba. Siku ya tatu ujumbe mwingine. Siku ya tano simu, kwa saa tofauti na ile ya kawaida. Siku ya nane nambari ya pili, ambayo mliichukua mwanzoni kwa kumuuliza: "Tukikukosa tumuulize nani, na tumwambie nini?" Siku ya kumi na nne kumtembelea, ikiwa tu aliridhia hilo siku ya idhini. Baada ya hapo andikeni hali yake kwa usahihi: amejitoa, hapatikani, amezidiwa, amefariki. Msiyatie yote kwenye kapu la "ameacha", kwani aliyezidiwa kwa ugonjwa kurudi ni habari tofauti kabisa na aliyechoshwa na maswali, na mkiyachanganya matokeo yatawaonyesha waliobaki wakiwa wazima kuliko hali ilivyo.

Kuhusu vifo, naomba mnisikilize sana. Habari ya kifo ikifika kwa yeyote katika timu, nambari hiyo iondolewe kwenye mfumo wa kutuma siku hiyo hiyo, kabla ya kazi nyingine yoyote. Awepo mtu mmoja mwenye jukumu hilo na wa kumsaidia akiwa likizo. Ujumbe wa kumuuliza marehemu amelalaje wiki hii, ukaingia kwenye simu iliyoshikwa na mwanawe matangani, ni jeraha kwa familia, na shehia nzima itausikia. Pigeni simu ya kutoa pole, bila swali hata moja la utafiti.

Idadi ya kuandikisha nayo ihesabiwe kwa kila jamii, isiwe kwa jumla tu. Kama mnahitaji 120 wafike mwisho na mnatarajia robo wapotee, gawanyeni 120 kwa 0.75, mtaandikisha 160. Lakini robo hiyo ikitoka yote Pemba na Tumbatu, 120 yenu itakuwa ya Mjini. Kwa jamii yenye watu wachache sana msilazimishe takwimu; mahojiano marefu na watu wanane au kumi yatakuambieni zaidi ya asilimia iliyopigwa juu ya watu wanne.

Na hao walionyamaza tayari, wapigieni mara moja, kutoka nambari wanayoijua, kwa sauti waliyoizoea. Msianze na maswali yaliyowapita, wala msiwaulize kwa nini hawakujibu. Ulizeni hali zao, kisha yale maswali ya simu niliyoyataja, kisha: "Ungependa tuendelee kwa njia gani?" Anayetaka, mpeni njia mpya na msimdai wiki zilizopita. Anayesema hataki, mshukuruni, muulizeni kama majibu aliyokwisha kutoa mnaruhusiwa kuyatumia, andikeni jibu lake, na nambari yake itolewe kwenye orodha siku hiyo.